Juu ya ile afishi uliniuliza

Mwanangu, salama? Mesaji yako nilisoma. Unauliza eti ile afishi ya filme Norbit, mama mnene amelalia bwana yake mudogo mu kitanda, ni ubaguzi ao ni kuchekesha tu, juu benzako ku masomo banasema unazidisha.

Hauzidishi. Filme ni ya 2007, na yule mama ni Eddie Murphy mwenyewe, mwanaume mchekeshaji wa Marekani, balimuvalisha mwili ya bandia, kazi ya kumupamba ikafika mpaka ku mashindano ya Oscar. Sawa, ufundi iko. Lakini pale ku afishi, mama yule anapenda nini, anafanya kazi gani? Hakuna, ni kilo zake tu ndio banauza. Na yale maandishi yanakuuliza kama umeshafanya kosa kubwa kabisa, yaani kosa ni yeye! Mie nashonea bamama ba Kadutu hapa Bukavu, mama mnene akiingia batu banamupishia kiti, hakuna mwenye anacheka (na robe yake ndio inalipa vizuri hehe).

Benye kuuza filme banajua mutu anapita mbio, hana wakati ya kusoma hadithi, basi banachukua kitu amezoea kucheka, mwanamke mweusi, mnene, mwenye kelele, anacheka mbele ya kulipa tikiti.

Sasa weka pembeni Couples Retreat ya 2009, nayo ya kuchekesha, batu munane, babili babili, banaenda likizo ku kisiwa. Ku afishi ya Marekani bote bako. Ya Uingereza, Faizon Love na Kali Hawk, beusi babili, balifutwa, bakabakia beupe sita. Batu bakalalamika, Universal, kampuni yenye filme, ikajibu eti ilitaka kurahisisha afishi, ionyeshe bale banajulikana zaidi ku inchi zingine, kisha ikasema inasikitika na haitaitumia kwingine. Angalia vizuri, Faizon Love naye ni mnene! Kumbe mweusi mnene akiwa kichekesho anajaza karatasi nzima, akiwa pale na mpenzi wake sawa bengine, nafasi inakosa. Benzako banaita hiyo kuzidisha? Baonyeshe zote mbili pamoja, usibaambie kitu kwanza, baache baangalie.

Pesa ya nyumba nitatuma Juma Tatu ku simu. Dada yako anakusalimia, anasema umurudishie chargeur yake.

Mama yako