Jibu: Kujiandaa kwa Kemia ya Kidato cha Tano

Ndugu yangu wa Lindi, umeuliza uanzie wapi kujisomea Kemia wakati unasubiri kuingia Kidato cha Tano kwa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na kama inafaa kuyakimbilia madaftari ya kidato hicho mapema. Kwa maoni yangu, usiyakimbilie. Rudia kwanza hesabu za moli (kipimo cha wingi wa chembe za dutu), kwa sababu titresheni (kupima ukolezi wa myeyusho kwa kuumenyusha na mwingine unaojulikana), nishati ya mmenyuko na msawazo wa kemikali vyote vinaegemea hapo, na ni nadra mwalimu wa Kidato cha Tano kupata muda wa kuzirudia.

Chukua gesi asilia ya Mnazi Bay au Songo Songo, ambayo sehemu yake kubwa ni methani (CH₄). Andika mlinganyo wa kuungua kwake, usawazishe, kisha uthibitishe kwamba gramu 16 za methani hutumia gramu 64 za oksijeni na kutoa gramu 44 za kaboni dioksaidi pamoja na gramu 36 za maji. Ukifika huko bila kuchungulia daftari, badili kiasi cha methani kiwe gramu 4, halafu utafute ujazo wa methani hiyo katika nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa moja. Jibu ni takriban lita 5.6.

Mpangilio wa elektroni upitie pia, na kwa kemia ya kaboni majina ya alkani (familia ya methani) 10 za mwanzo yanatosha. Tuisheni si lazima, isipokuwa kama mwalimu wake anakukokotolesha mwenyewe badala ya kukuandikisha notisi.