Maswali ya Wasomaji: Vidude vya mviringo ndani ya jiwe la chokaa

SWALI: Huku Lindi tukipasua mawe ya chokaa tunakuta vidude bapa vya mviringo, mfano wa sarafu. Nasikia vinaeleza umri wa jiwe. Je, nikililoweka jiwe kwenye siki, vitatoka?

JIBU: Siki achana nayo. Magamba hayo ni kalsiamu kaboneti kama jiwe lenyewe. Asidi italila jiwe na visukuku vyake pamoja.

Kwa maelezo yako, yaelekea ni Nummulites, aina ya foraminifera, yaani viumbe wa seli moja wenye magamba, waliojaa baharini zama za Eosini, miaka milioni 56 hadi 33.9 iliyopita. Walikuwepo pia kabla na baada kidogo, hivyo angalia walioandamana nao. Discocyclina, foraminifera wengine wa chini ya bahari, walitoweka Eosini ilipokwisha. Nummulites wakiwa pamoja na Lepidocyclina, jamaa zao wengine, fikiria Oligosini ya mwanzo, zama zilizofuata Eosini.

Kilichojitenga na jiwe kishike kwa koleo juu ya moto hadi kipate joto kali, kisha kidumbukize kwenye maji baridi. Hupasuka katikati, nusu mbili bapa, na mzunguko wa vyumba ukaonekana wazi. Vaa miwani ya kinga. Kilichoshikamana na jiwe kikate pamoja nalo: sugua upande mmoja kwa unga wa kusugulia wa kaborandamu namba 600, gandisha kwenye kioo cha hadubini kwa gundi ya epoksi, kisha sugua upande wa pili hadi zibaki mikroni (elfu moja za milimita) 30 hadi 50. Viputo vya hewa kwenye gundi ndivyo vinavyong'oa kipande kazi ikikaribia kwisha. Tena mkato usiopita katikati huonyesha chumba cha kwanza kidogo kuliko kilivyo, na spishi hutambuliwa kwa chumba hicho. Kata vipande kadhaa.

Sasa mtego wenyewe. Kati ya Kilwa na Lindi, matabaka mengi ya chokaa ya namna hii ni vifusi vilivyoporomoka kutoka maji mafupi vikatua kwenye udongo wa kilindini. Nummulites waliishi na mwani, wakahitaji mwanga. Wanaeleza walikotoka, si walikozikwa, na huenda wana umri mkubwa kuliko tabaka. Kwa hiyo chukua nusu kilo ya udongo wa mfinyanzi chini ya jiwe na nusu kilo juu yake. Kausha, loweka kwenye maji, osha kwa chekeche la mikroni 63, kausha tena chini ya nyuzi 50. Kabla ya kila sampuli chovya chekeche kwenye rangi ya methilini buluu: gamba la buluu ni masalia ya sampuli iliyotangulia.

Humo tafuta foraminifera wa kuelea, hasa Hantkenina mwenye miiba. Kutoweka kwake ndiko kunakoweka mpaka wa Eosini na Oligosini, miaka milioni 33.9. Udongo wa Kilwa haupitishi maji kirahisi, ndiyo maana magamba yake bado yang'aa kama kioo na watafiti huyapima oksijeni kukadiria joto la bahari ya kale. Gamba jeupe kama chaki limeshabadilika. Kwa kipimo hicho halifai, ila kwa kutambua spishi litumie tu.

Kina cha bahari ya wakati huo kikadirie kwa kuhesabu magamba 300: wa kuelea wakiwa wachache sana, palikuwa karibu na pwani, wakizidi tisa kwa kumi, ni bahari kuu.