Gitaa Lilitoka Kanisani

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi. Unasema bendi yenu inapiga roki, na maneno yameanza: marafiki wanakucheka kwamba huo ni muziki wa Wazungu, na unakosali umeambiwa ni muziki wa shetani. Ukaniuliza, baba, huu muziki ulitoka wapi hasa?

Ulitoka kanisani, mwanangu, tena kanisa la watu weusi. Na miongoni mwa waliotangulia kuutoa nje, gitaa la umeme likiwa begani, alikuwa mwanamke.

Anaitwa Sister Rosetta Tharpe. Alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, mji mdogo wa Arkansas, kusini mwa Marekani. Mama yake alikuwa mhubiri katika Church of God in Christ, kanisa la Kipentekoste ambako matari na makofi ni sehemu ya ibada. Rosetta alishika gitaa akingali mtoto mdogo kabisa, akizunguka na mama yake kwenye mikutano ya injili. Wakahamia Chicago, kama walivyohama mamilioni ya weusi wa kusini wakikimbia ubaguzi na kutafuta kazi. Katika miji ile bluzi, muziki wa huzuni ambao weusi waliutoa mashambani, ilikutana na umeme, na gitaa lililokuwa likimezwa na ngoma likapata sauti yake.

Mwaka 1944 alirekodi wimbo wa kiroho, Strange Things Happening Every Day, Sammy Price akiwa kwenye piano. Wapo wanaouita rekodi ya kwanza ya rock and roll, mzazi wa roki mnayopiga. Wengine wanautaja wimbo Rocket 88 wa mwaka 1951. Mimi sigombanii nani wa kwanza. Sikiliza tu gitaa linavyomjibu mwimbaji, kama kwaya inavyomjibu kiongozi wake, utajua limelelewa wapi.

Na hilo la shetani hata yeye aliambiwa. Mwaka 1938 aliimba Cotton Club, ukumbi wa starehe wa New York, na waumini wengi wakachukia. Niliposoma habari hiyo niliikumbuka Jumapili niliyopeleka gitaa la umeme kwenye kwaya yetu, mzee mmoja akachomoa waya ukutani, akaniambia nilirudishe baa. Sikumjibu, lakini niliumia mpaka leo. Ndiyo maana swali lako limenigusa.

Mwaka 1947 Rosetta alifika Macon, Georgia, kwa onyesho. Kabla ya kuanza alimsikia kijana wa miaka 14 akiimba nyimbo zake, akampandisha jukwaani na kumlipa. Kijana huyo ndiye Little Richard, aliyekuja kuwa nyota wa rock and roll. Miaka minane baadaye, kule New Orleans, alirekodi Tutti Frutti kwa ukelele uleule wa ibada.

Jina lenyewe, rock and roll, lilienezwa na mtangazaji Mzungu wa redio, Alan Freed, aliyekuwa akipiga rekodi za weusi usiku huko Cleveland kuanzia 1951. Vijana wa Kizungu wakanasa. Katika kumbi nyingi za kusini ilifungwa kamba katikati, weusi huku na Wazungu kule, na muziki ulipokolea vijana waliivuka kamba, wakacheza pamoja. Hapo ndipo wakubwa walipoanza kuogopa, na wengi walioita muziki huu wa shetani walikuwa wakiiogopa kamba ile kukatika.

Marafiki zako watakutajia Elvis Presley, mwimbaji Mzungu. Usimdharau, naye alikulia kanisani, na alipenda alichokiimba. Lakini wimbo uliomtoa mwaka 1954, That's All Right, mwanabluzi mweusi Arthur Crudup alikuwa ameshaurekodi mwaka 1946. Crudup alifariki 1974 bila kupata sehemu kubwa ya mirabaha aliyoidai. Uchungu wangu uko hapo. Kupenda muziki wa jirani si kosa, kosa ni kumwacha mwenyewe mikono mitupu.

Tafuta mkanda wa mwaka 1964, Manchester, Uingereza. Ni kituo cha treni kilichoachwa. Wasikilizaji wamekaa upande mmoja wa reli, jukwaa liko upande wa pili, na mvua imenyesha. Rosetta, miaka 49, anashuka kwenye gari la farasi akiwa na koti zuri na viatu virefu. Anavaa gitaa jeupe na kuanza kuimba juu ya gharika ya Nuhu, kwa sababu ya mvua ile. Tazama vidole vyake anapopiga solo.

Alifariki mwaka 1973 huko Philadelphia, na kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe lenye jina.

Nyuzi ulizoniomba nimezipata. Nitampa dereva wa basi la Ijumaa asubuhi, uwahi kuzichukua stendi.

Baba yako