Kwa Nini Mtupaji Wetu Bora Alikosa Mara Tano?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu tuna mchezo wa mpira wa kikapu katika kompyuta, ule ambao mtu huwa kocha tu: anapanga kikosi, kisha programu inaiendesha mechi yenyewe. Juzi mtupaji wetu bora wa pointi tatu, ambaye hufunga asilimia 40, alikosa mara tano mfululizo katika robo ya nne, tukashindwa. Mdogo wangu anashikilia kwamba kompyuta humchagua mshindi kwanza, ndipo itunge mechi. Je, ni kweli?
Msomaji wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kawaida programu za aina hii hazimjui mshindi mpaka king'ora cha mwisho kilie. Kinachoamuliwa ni zamu moja ya mpira, kisha inayofuata, na katika mechi ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kila timu hupata zamu zipatazo 100.

Ndani ya zamu moja kura ya bahati hupigwa zaidi ya mara moja. Kwanza programu huuliza kama mpira utapotea kabla ya mtupo, jambo ambalo katika NBA hutokea takriban mara 12 hadi 15 katika zamu 100. Usipopotea, huchaguliwa atakayetupa, na hapo mipango yako ya kocha ina uzito mkubwa, kwa sababu mchezaji uliyemkabidhi mashambulizi huitwa mara nyingi kuliko wenzake. Hufuata aina ya mtupo, faulo, na ikiwa mpira haukuingia, nani ataudaka. Washambuliaji huurudisha takriban mara moja katika kila mitupo minne iliyokosa, na zamu yao huendelea.

Sasa tuje kwenye mtupo wenyewe, maana ndio uliowaumiza. Ile asilimia 40 haiingii katika kura ikiwa peke yake. Tuseme wastani wa ligi ni 36, na beki anayemkaba huwaruhusu wapinzani 33 tu: pungufu hiyo ya 3 humshusha mtupaji wenu hadi karibu 37, kabla hata ya kuhesabu uchovu, ambao michezo mingi huutoza hasa robo ya nne. Kisha programu huchota namba ya bahati kati ya 1 na 100. Ikiwa 37 au chini yake, mpira umeingia. Namba hiyo haikumbuki mtupo uliotangulia. Kwa hiyo uwezekano wa kukosa mara tano ni 0.63 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, yaani karibu 0.10. Mtupaji mzuri namna hiyo, akitupa mara tano katika kila mechi, atakosa yote katika mechi moja kati ya kumi hivi. Inauma, lakini ni hesabu halali, na hata uwanjani tumeyaona hayo.

Hata hivyo, shaka ya mdogo wako inastahili kupimwa. Andikeni mitupo yake 300 ya pointi tatu. Kwa asilimia 37 mnatarajia iingie 111, na popote kati ya 95 na 127 ni mtikisiko wa kawaida wa bahati. Ikiingia 70 tu, kagueni kwanza dakika mnazomchezesha bila kumpumzisha.