Mkuu, usilipe hiyo advansi kabla hujajua nani atapokea simu

Hiyo advansi ya Ijumaa usiilipe. Nimesoma uzi wako mara mbili. Umoja wenu wa wanakijiji mnaoishi mjini umechanga milioni 14 kwa ajili ya zahanati ya kisiwani huko Ukerewe, mnataka mfunge mtambo wa kuonana na daktari kwa video, na unauliza mchukue skrini gani, laini ya mtandao upi, sola ya wati ngapi na kibali mkaombe wapi. Swali ambalo hujauliza ndilo lililotuumiza sisi: simu ikilia upande wa pili, nani anapokea?

Nilikuwa katibu wa umoja kama wenu. Kijiji chetu kiko bonde la Kilombero, masika yakikolea maji yanafunika barabara, na zahanati ina muuguzi mmoja pamoja na mganga mfawidhi anayeitwa kwenye vikao kila mara. Tulichanga miaka miwili. Tukanunua skrini, kamera, kipimo cha presha kinachotuma majibu chenyewe, na ada ya programu ya mwaka mzima. Shilingi 11,400,000. Aliyesaini ni mimi.

Muuzaji alitukusanya kwenye ukumbi wa hoteli Dar. Akabonyeza, daktari akatokea papo hapo, koti jeupe, picha safi kama taarifa ya habari. Wazee wakapiga makofi. Baadaye nikaja kujua kwamba yule "daktari" alikuwa mfanyakazi wa kampuni yao, amekaa chumba cha jirani, kwenye intaneti ya hoteli hiyo hiyo. Muuzaji huyo sijamsamehe mpaka leo. Nilimuuliza mabingwa wa kutuhudumia watatoka wapi, akanijibu, "Wapo, wameshajiandikisha." Jamani! Jina kwenye orodha si mtu aliye zamu. Daktari wa hospitali ya mjini ana wodi, ana kliniki, ana operesheni. Hakuna aliyemtengea hata saa moja kwa ajili ya kijiji chetu, na hakuna aliyemlipa. Juu ya hilo, kwenye mafunzo ya siku moja muuguzi wetu akaambiwa asiandike rufaa kabla ya kushauriana na bingwa kwenye skrini.

Akatii.

Mwezi wa tatu wa mtambo akaja mama mwenye mimba ya miezi minane, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Presha 170/115. Muuguzi yule anaijua kazi yake. Siku zote za nyuma angemchoma dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, na kumtafutia usafiri saa ile ile, na Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza hivyo tangu 2011: kituo kisichoweza kutoa dozi zote kitoe ya kwanza, kisha kimpeleke mgonjwa mbele. Siku ile akafanya tulivyomfundisha. Picha ya daftari lake ninayo kwenye simu. "4:10 nimepiga. 4:25 nimepiga. 4:50 nimepiga, mtandao unasoma E. 5:30 inaita, haipokelewi." Hiyo E ni mtandao dhaifu, video haipiti. Mstari wa mwisho ni wa saa 6:40, mwandiko umetoka nje ya mistari: "Ameanza kifafa." Daktari alikuwa chumba cha upasuaji tangu asubuhi, simu yake imefungiwa kabatini. Simlaumu hata kidogo, hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo anasubiriwa.

Mama alipona. Mtoto hakupona. Nilikwenda msibani, na mume wake akanishukuru kwa kuwaletea mashine. Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia kwa yeyote atakayefungua uzi wa aina hii: zamu kwanza, kifaa baadaye. Usinunue hata waya kabla hujashika mkononi ratiba yenye majina, siku, saa, namba ya simu ya aliye zamu na ya anayemshikia akiwa na dharura, na makubaliano ya nani anawalipa. Hospitali ikikataa kusaini karatasi hiyo, hamna huduma.

Sisi sasa tunatumia simu ya batani, ile ya tochi. Matabibu watatu wanapokezana, umoja unawalipa posho na vocha, ratiba imebandikwa ukutani juu ya meza ya dawa. Sauti inapita hata pale mtandao unaposoma E. Vidonda na magonjwa ya ngozi muuguzi anapiga picha, anazituma usiku laini ikiwa nyepesi, majibu yanakuja kesho yake. Dalili za hatari kwa mjamzito hazisubiri ushauri wa mtu: anaanza matibabu, anapiga namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, kuomba usafiri, na tabibu anapigiwa mgonjwa akiwa tayari njiani. Hilo tumeliandika kwa wino mwekundu, na nakuomba nanyi mliandike, maana huko kwenu kuna ziwa, na mtumbwi unachukua muda kuliko pikipiki.

Skrini yetu ipo bado. Kina mama walikuwa wameishonea kifuniko cha kitenge isiingie vumbi, na kitenge hicho hakijafunuliwa toka msiba ule.

Sasa fanya hivi. Mwombe muuzaji namba za hao madaktari wake. Usimwambie siku. Jumapili saa nane usiku piga kila namba mara tatu, sema uko zahanati na una mjamzito mwenye presha 170/115. Aliyepokea muulize maswali mawili: leo ni zamu yako, na nani anakulipa? Halafu rudi hapa utuambie wangapi wamepokea. Mambo ya sola tutayazungumza siku hiyo.