Mama anachoma uniti 20 za insulini, sindano tulizopewa ni za U-40
Dada, usimchome mama kwa sindano hizo. Chupa yake ni U-100, yaani uniti 100 kwa kila mililita, na sindano lazima iandikwe hivyo hivyo. U-40 imepimwa kwa uniti 40 kwa mililita, kwa hiyo ukivuta hadi alama ya 20, umevuta nusu mililita: hizo ni uniti 50 za insulini yake! Sukari inaweza kushuka hadi apoteze fahamu. Zirudishe leo, uombe za U-100. Mimi ningechukua za nusu mililita, kwani kila mstari kwa kawaida ni uniti 1. Kwenye za mililita 1 kila mstari mara nyingi ni uniti 2. Kama ameshachomwa, mpime sukari sasa hivi na mpeleke hospitali bila kusubiri dalili.