Faili la Access halipungui hata baada ya kufuta

Pole ndugu. Unasema umefuta nusu ya rekodi na faili limebaki GB 1.8; hiyo ni kawaida ya Access (programu ya Microsoft ya hifadhidata): nafasi hairudi mpaka faili libanwe. Waombe wenzako wote walifunge, weka nakala pembeni kwanza (tafadhali usiiruke hatua hii), kisha ingia Database Tools, bonyeza Compact and Repair Database. Fanya leo leo, maana kikomo cha faili la Access ni GB 2.

Halafu kagua picha. Kama zimepachikwa ndani ya jedwali, zihamishie kwenye folda, jedwalini ibaki anwani ya kila picha tu, mfano D:\Picha\risiti_0412.jpg, ndipo ubane tena. Majedwali ya muda, yale unayojaza na kufuta kila siku, yawekee faili lao tofauti.